Karata Hazisomwi Moja Moja

Kiwandani walimwita Darubini, naye hakununa. Kazi yake ilikuwa kukagua mashati mwisho wa mstari wa mashine, na kwa miaka kumi na nne alikuwa amepokea kila shati kwa imani moja tu, kwamba lina kasoro na linaificha. Alianza na kola, akashuka kwenye vifungo, akageuza mshono wa bega, akamaliza na pindo. Shati lenye uzi unaoning'inia alilitupa kapu la kushoto bila kinyongo, maana hilo angalau limekiri. Lililokuwa safi kabisa ndilo alilolirudia mara mbili.

Tabia hiyo hakuiacha getini. Mwenye duka akimwambia mkate ni wa leo, aliubonyeza. Jirani akimtakia asubuhi njema, alijiuliza huyu ana lake gani leo. Fundi bomba akimwambia maji yamerudi, alimpigia simu mama yake, aliyekaa naye nyumba moja, amhakikishie kama kweli yamerudi. Mama akisema ndiyo, basi ndiyo, na mjadala umefungwa. Katika dunia nzima hii yenye watu wasiohesabika, Darubini alimwamini mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa na rovu shingoni.

Rovu lilianza dogo, la kufichwa na kola. Sasa lilikuwa kama ngumi ya mtoto, na mama alilala ameketi, mito mitatu mgongoni, akipumua kwa sauti nyembamba kama filimbi. Daktari alisema linabana njia ya hewa, litolewe. Tarehe ya kwanza mama aliahirisha kwa madai ya mafua. Ya pili hakutoa hata sababu, alisema tu hajisikii. Ya tatu ilikuwa imebakiza mwezi mmoja, Jumanne asubuhi, na daktari alikuwa amesema bila kuzunguka: akiikosa na hii atarudi mwisho wa foleni, foleni ni ya mwaka mzima, na koo lake halina mwaka mzima.

Badala ya kujiandaa kwa hospitali, mama kila Jumatano alasiri alijifunga kitambaa shingoni, akachukua mkoba wake, akaenda kwa msusi kusukwa na kusomewa karata za taroti, zile za kubashiria.

Huyo msusi alikuwa na saluni ya viti viwili mwisho wa mtaa, yenye sinki lililopata ufa na kioo kilichomeguka pembeni. Wiki nzima alisuka. Jumapili, saluni ikiwa imefungwa, aliwafundisha karata wale waliotaka kujifunza, na hakutoza hata senti. Hilo la kutotoza ndilo lililomtia Darubini shaka kuliko yote. Mtu anayekuibia unamjua anachotaka. Anayekupa bure unamjuaje?

Akaanza kuunganisha mambo. Mama alianza kwenda kwa msusi mwezi wa tatu. Mwezi wa nne akaahirisha hospitali. Mwezi wa sita akaahirisha tena. Kwa Darubini ushahidi ulikuwa umetimia, ilibaki hukumu tu. Yule mwanamke alikuwa anamjaza mama maneno, anamwonyesha picha za ajabuajabu na kumwambia asikatwe shingo. Angemwuliza mama moja kwa moja, lakini mama akikwepa swali huwa anakwepa vizuri, kwa upole, mpaka unajikuta unaosha vyombo. Aliona heri aende mwenyewe kama mwanafunzi, amkamate mchawi akiwa kazini.

Jumapili ya kwanza alimwambia mama ana zamu ya ziada kiwandani. Hakuwa amewahi kumdanganya tangu utoto, na uongo ule aliubeba mpaka mlangoni pa saluni.

"Umekuja kusuka?" msusi aliuliza. Alikuwa mwanamke mnene wa miaka hamsini na kitu, aproni imejaa madoa ya rangi ya nywele.

"Nimekuja kujifunza karata."

"Nani kakuelekeza?"

"Nimesikia tu kwa watu."

Msusi alimtazama, si usoni, bali kichwani, hapa juu ya paji la uso, kwa muda uliopita kiasi. Kisha akasema karibu, akavuta kiti. Darubini aliuweka mtazamo ule akiba. Mtu mwema hamtazami mgeni kichwani.

Wanafunzi wengine wawili walikuwa wameacha baada ya kugundua kwamba hawatafundishwa kuroga waume zao, kwa hiyo alikuwa peke yake. Msusi alifuta meza ya kukaushia kucha, akatoa pakiti ya karata sabini na nane zilizochakaa kingo, akampa na kijitabu cha maana zake akasome nyumbani. Siku hiyo hawakufanya zaidi ya kuzitazama picha. Darubini naye alitazama mikono ya mwenziwe, mikono ya aproni, droo iliyo chini ya meza, na kioo ukutani, kuona kama kuna mahali karata inaweza kuingilia au kutokea. Hakuona kitu, na akaona kwamba huyu basi ni fundi kweli.

Wiki nzima alikikariri kijitabu wakati wa chakula cha mchana, karata moja baada ya nyingine, kola, vifungo, mshono, pindo. Jumapili ya pili alikwenda amejaa. Msusi alichanganya, akamwambia akate, akalaza tatu mezani: Mnara, Nyota, Mpweke.

"Soma."

"Mnara ni maangamizi ya ghafla," Darubini alisema. "Nyota ni matumaini. Mpweke ni mtu anayejitenga na kutafakari."

"Basi?"

"Basi."

"Umenisomea orodha ya sokoni, dada. Mimi nimeuliza tunakula nini."

Msusi alizisukuma zile karata mpaka zikagusana. "Huyu mzee wa Mpweke ameshika taa. Anatazama wapi?"

"Chini. Upande wa kushoto."

"Kushoto kwake kuna nani?"

"Huyu mwanamke wa Nyota."

"Na mwanamke anamtazama mzee?"

"Hapana. Anamimina maji. Amempa mgongo."

"Anaelekea wapi?"

"Kwenye Mnara unaoungua."

"Haya. Sema sasa."

Darubini alizitazama upya. Alihisi kama mtu anayeambiwa aingize uzi kwenye sindano asiyoiona. "Kuna mtu anamulikiwa njia," alisema mwishowe, "na hajui, kwa sababu yeye anahangaika na kilichobomoka."

"Hapo umeanza," msusi alisema. "Karata moja ni mtu aliyesimama njiani. Huwezi kujua anatoka wapi wala ana hasira na nani. Mpe jirani, ndipo uone kama wanasalimiana au wananuniana. Uliza nani anamtazama nani. Uliza kipi kimejirudia. Halafu uulize kipi hakipo, kilichotakiwa kuwepo. Hilo la mwisho ndilo gumu."

"Kwa hiyo ukishaziweka pamoja unaweza kusema chochote unachotaka."

"Jaribu kusema chochote unachotaka," msusi alimjibu bila kukasirika, "uone kama zitakukubalia."

Darubini alirudi nyumbani akijipongeza. Sasa alikuwa ameujua mtego wenyewe: ujirani. Karata ikisema nenda, unaibandika jirani wa kusema kaa. Mama akitokewa na karata nzuri ya hospitali, msusi anaigeuza kwa karata ya pembeni. Alipofika, mama aliuliza zamu ilikuwaje. Alisema ilikuwa ndefu. Mama akasema pole, akaendelea kukunja nguo, filimbi ile ikipiga taratibu kooni mwake.

Jambo lililomuudhi lilitokea Alhamisi, kiwandani. Lilikuja shati la bluu. Mwili wake ulikuwa sawa, mkono wa kulia sawa, wa kushoto sawa, vyote amevikagua kimoja kimoja na kuvipitisha. Alipolining'iniza ndipo alipoona mkono wa kushoto umekatwa kwenye jora jingine. Bluu yake ilikuwa imepungua tone moja tu. Ukiutazama peke yake hutaona kitu mpaka kiama. Hilo ndilo kosa la wakaguzi wapya, na yeye ndiye aliyewafundisha wote: msikague vipande, vilazeni pamoja. Alisimama na shati mkononi huku mashine zikinguruma, akagundua kwamba msusi amemfundisha jambo alilolijua miaka kumi na nne. Alilitupa kapu la kushoto kwa nguvu kuliko ilivyostahili.

Jumapili ya tatu, msusi alilaza tano. Zilikuwa za mteja wa kubuni, mwanamume anayetaka kuhama mji. Darubini aliinama mezani na, kwa dakika kama ishirini, alisahau kilichompeleka. Aliona wanaume watatu kati ya wale watano wamegeuza uso kutoka katikati. Aliona panga zimejirudia mara tatu na hakuna hata kikombe kimoja, na vikombe ndivyo vya mapenzi. "Huyu hahami kwa sababu ya kazi," alisema. "Ameachana na mtu, na anaona aibu kusema, ndiyo maana anaita kazi." Alilisema kwa furaha, kama mtu aliyepata funguo alizozitafuta asubuhi nzima.

Msusi alimtazama. "Nani kakufundisha kuona hivyo?"

"Mashati."

Msusi alicheka, kisha akaacha kucheka. Alikusanya karata, akazigonga mezani zikalingana, akasema polepole, "Una zunguko la nywele hapo mbele, linageukia kulia. Halisukiki hilo, ukililazimisha linainuka. Mimi nimepigana na zunguko kama hilo miezi yote hii, kila Jumatano, kwenye kichwa chenye mvi. Nilikujua siku ya kwanza mlangoni, dada. Nimengoja useme mwenyewe."

Darubini alihisi uso unamwaka. Alikuja kumkamata mtu, kumbe yeye ndiye aliyekaguliwa kuanzia utosini.

"Basi vizuri," alisema, akisimama. "Kama unanijua, nijibu. Kwa nini unamwambia mama yangu asiende hospitali?"

"Mama yako hajawahi kuniuliza habari za hospitali. Hata siku moja."

"Kila wiki anakuja hapa. Anauliza nini?"

"Kila wiki anauliza swali lile lile. Ila ni lake. Siyatoi ya mteja, hata kwa mtoto wake. Kamwulize."

"Kwa hiyo kuna siri."

"Kuna swali," msusi alisema. "Siku hizi watu wanaona ni kitu kimoja."

Angekuwa mtu mwingine, angekwenda moja kwa moja nyumbani akauliza. Darubini alikwenda nyumbani akiwa na hakika zaidi kuliko alivyotoka. Mtu asiye na hatia angesema. Huyu amekataa kusema, kwa hiyo ana la kuficha, na kama ana la kuficha ni lile lile analolijua yeye. Zilikuwa zimebaki siku tisa. Kumshtaki msusi hakuna maana, mama atamtetea. Kubishana na mama hakuna maana, atajikuta anaosha vyombo. Lakini kama mama anaziamini karata kuliko daktari, basi karata zitamwambia aende. Pakiti ya mazoezi alikuwa nayo mkobani, msusi alimwazima.

Alijifungia chumbani, akachagua tano kwa utaratibu wake wa kazini. Nguvu, yule mwanamke anayemshika simba kinywa, ili mama apate ujasiri. Gari, kwa safari ya kwenda. Nyota, kwa kupona. Jua, kwa furaha ya kurudi nyumbani. Dunia, kwa jambo lililokamilika. Alizikagua moja moja. Hakuna hata moja iliyokuwa na dosari. Akaziweka juu ya pakiti kwa mpangilio huo, akajifunza kuchanganya zile za chini tu, mara kumi, mara ishirini, mpaka vidole vikazoea kudanganya.

Mama alikuwa sebuleni, jua la alasiri limemfikia magotini. Zamani alikuwa mtangazaji wa stesheni ya treni, miaka ishirini na sita, na mpaka sasa alikaa wima kama aliye mbele ya kipaza sauti.

"Mama, nimejifunza karata. Nikusomee?"

"Zamu ya ziada imekwisha, basi," mama alisema.

Mama alisogeza vikombe vya chai kutoa nafasi mezani. Darubini akachanganya, akazilaza tano kwa mstari, kisha akaanza kusoma haraka kabla ujasiri haujamwisha. Hapa kuna moyo mgumu, mama. Hapa safari. Hapa uzima. Hapa furaha, na hapa mwisho mwema. Hata kipofu angeona kwamba mtu anatakiwa aende anakotakiwa kwenda.

Mama alivaa miwani. Alizitazama kwa muda mrefu.

"Zote zimesimama wima, hakuna iliyotoka kichwa chini," alisema.

"Bahati."

"Na zote ni karata kubwa, zile zenye majina. Hakuna kikombe, hakuna fimbo, hakuna hata sarafu ya kupotea njia."

"Bahati nzuri sana."

"Mwanangu, wewe ukiletewa mashati mia na hakuna hata moja lenye uzi, unafanyaje?"

"Nayarudia."

"Haya na mimi narudia." Mama aliisogeza miwani. "Usihangaike, hata zilizopangwa zinasomeka. Zina aliyezipanga." Aliweka kidole kwenye ile ya kwanza. "Huyu yuko na simba, hana mtu. Huyu anaendesha gari, hana abiria. Huyu anamimina maji, peke yake porini. Huyu ni mtoto mdogo juu ya farasi, na hakuna mkubwa wa kumshika asianguke. Na huyu wa mwisho anacheza ngoma, hakuna anayempigia makofi. Watu watano, na hakuna mwenye mwenzake. Kulikuwa na Vikombe Viwili humo kwenye pakiti, wale wanaotazamana. Kulikuwa na Wapenzi, kulikuwa na wale wa harusi wenye fimbo nne. Umewapita wote." Alivua miwani. "Hii si hospitali yangu. Huyu ni wewe, mara tano."

Darubini alitaka kucheka, lakini machozi yalimtangulia, akayafuta kwa hasira kama ya mtu mwingine. Ilikuwa kweli. Alikuwa na hofu ya kubaki peke yake, hofu iliyomkaa kifuani usiku na mchana kila aliposikia ile filimbi, na alikuwa hajaisema kwa yeyote kwa sababu wa kumwambia ndiye huyo huyo.

"Nani anakuzuia, mama?" aliuliza. "Ni yeye? Niambie tu kama ni yeye."

"Ni wewe," mama alisema.

Alilisema kwa sauti ile ile ya kutangaza kwamba treni ya saa tatu imechelewa, bila kutia chumvi, ndiyo maana liliingia mpaka ndani.

"Siku ile daktari alisema jambo hukulisikia. Ulikuwa umesimama unasoma cheti chake ukutani, unaangalia kama mhuri ni wa kweli. Alisema mshipa wa sauti umepita nyuma ya rovu. Wakiugusa, sauti inaweza kuondoka. Pengine miezi michache, pengine moja kwa moja. Sauti yenyewe siililii, nimeshaitumia vya kutosha, watu wamekosa treni wakinisikiliza. Nililia kwa ajili yako."

"Kwa ajili yangu kwa nini?"

"Baba yako alipofariki ulikuwa na miaka tisa. Shangazi zako walikwambia amesafiri. Mjomba akakwambia amelazwa. Ukaenda kutazama chini ya kitanda, ukakuta viatu vyake vya safari, ukaja kwangu ukaniuliza. Mimi nikakwambia. Tangu siku hiyo hujamwamini mtu mwingine. Hukuolewa kwa sababu kila aliyekuja ulimkuta na uzi unaoning'inia. Huna rafiki. Maji yakirudi unanipigia simu. Sasa nikirudi bubu, mwanangu, utamwuliza nani?"

"Utaniandikia."

"Utasema mwandiko umeghushiwa."

Darubini alijua angesema hivyo hivyo. Aliketi akitazama mikono yake. Kwa miezi alikuwa amemsaka mtu anayemwua mama yake taratibu, amemfuata mpaka saluni, amemchunguza mikono na droo. Kumbe mtu huyo alikuwa akiamka kila siku, anapiga mswaki, na kwenda kazini kukagua mashati.

"Ndilo swali unalomwuliza kila Jumatano?"

"Ndilo. Mwanangu atamwamini nani."

"Na karata zinasemaje?"

"Zinasema nikuulize mwenyewe. Nikaona zinanikwepa." Mama alitabasamu kidogo, akavuta pumzi, filimbi ikapiga. "Nitakwenda Jumanne hiyo. Lakini kwa sharti. Wakinitoa chumba cha upasuaji, huwa wanaruhusu mtu mmoja tu kuingia kwa mara ya kwanza. Ataingia msusi. Wewe utakaa nje. Atakapotoka atakwambia hali yangu, kama nina sauti au sina, kama ni nzuri au mbaya. Na wewe utalipokea atakalosema. Hutamwuliza nesi, hutamwuliza daktari, hutachungulia mlangoni. Mpaka jioni, watakapokuruhusu kuingia."

"Mama, hilo haliwezekani."

"Basi sikatwi."

Darubini alibishana mpaka jua likatoka sebuleni. Alisema msusi atamdanganya ili asimhuzunishe, watu ndivyo walivyo. Mama alisema pengine, na hiyo ndiyo maana ya kuamini, kwamba pengine ipo na bado unaamini. Alisema atajitahidi. Mama akasema hakuomba kujitahidi. Mwisho alikubali shingo upande, akampigia msusi mwenyewe, maana mama alikataa kumfanyia. Msusi alisikiliza mpaka mwisho, akasema atafunga saluni siku hiyo na atafika saa moja asubuhi. Darubini alitaka kumwambia aape. Mama alikuwa anamtazama. Akasema asante, akakata simu, na Jumatatu nzima, siku moja kabla ya upasuaji, hakupiga tena kuuliza kama bado anakuja, ingawa aliishika simu mara saba.

Jumanne msusi alifika saa moja kasoro dakika kumi.

Walimwingiza mama saa tatu. Darubini alimshika mkono mpaka kwenye milango ya bawaba, na neno la mwisho alilosikia kwa mama lilikuwa kumhakikishia kwamba jiko amelifunga. Alijaribu kuihifadhi ile sauti ilivyokuwa, uzito wake na mkwaruzo wake, akaona haihifadhiki. Kisha wakakaa kwenye benchi la plastiki, yeye na msusi, saa nzima, kisha mbili, kisha tatu na nusu. Hawakuongea sana. Msusi alisinzia kidogo, Darubini alihesabu vigae.

Nesi alipotoka na kuita mtu mmoja, Darubini alisimama kwa mazoea. Akabaki amesimama. Msusi akampita, akaingia.

Alikaa ndani dakika kumi na mbili. Alipotoka alikuwa ameshika ukuta kwa mkono mmoja, macho yake mekundu na kope zimelowa.

"Imekwenda vizuri," alisema. "Rovu limetoka lote. Ameongea. Sauti inakwaruza, iko chini sana, lakini ni yake. Amesema uende ukale."

Darubini alimtazama. Macho mekundu. Mkono ukutani. Maneno yametoka yamepangwa, kama ya mtu aliyeyajaribu mlangoni kabla ya kutoka. Kwa nini alie, kama ni vizuri? Kwa nini aseme lote, nani kamwuliza kama ni lote? Na hilo la kula ni neno la mama yeyote, mtu angeweza kulibuni. Kama anadanganywa, basi mama yuko mle ndani bubu, na huyu amekubaliana naye, na yeye ni mtoto wa miaka tisa tena anayeambiwa baba amesafiri. Nesi yule yule alitokea akiwa na faili mkononi, akawa anakuja upande wao, viatu vyake vikilia sakafuni. Swali moja tu lingetosha. Hata swali halikuhitajika, kumtazama tu usoni kungetosha.

Darubini aligeuza uso akamtazama msusi, akajilazimisha kuacha kumkagua. Haikuja kwa urahisi. Ilimuuma mahali fulani chini ya mbavu, kama kuachia kitu alichokishika kwa miaka thelathini mpaka vidole vikafa ganzi. Viatu vya nesi vilipita nyuma yake, vikaenda, mlango wa mwisho wa ukumbi ukajifunga.

"Ameongea," alisema, si kwa kuuliza.

"Ameongea."

Darubini alichukua mkoba wake kwenye benchi, akachukua na wa msusi.

"Na wewe," akamwuliza, "umekula?"